"Si Alikuwa Anaigiza Tu?": Wasanii wa Jukwaa Wakati wa Mtutu, Marufuku na Ukimbizi

Nilipokuwa BTP mwaka jana, katika shule moja ya sekondari ya kata, nilipangiwa Kidato cha Tatu somo la fasihi ya Kiingereza. Tulikuwa tunasoma tamthiliya ya The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kama mnavyojua, walimu wa mazoezi tunapenda sana kuonekana tumesoma. Basi nikawaambia wanafunzi kwamba igizo hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1962, katika Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala, Uganda ikisherehekea uhuru wake. Halafu nikaongeza, kama vile kutia chumvi, kwamba miaka 15 baadaye mkurugenzi wa sanaa wa jumba hilohilo alichukuliwa na watu wa Idi Amin, akauawa.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, kwani alifanya nini? Si alikuwa anaigiza tu?"

Darasa likacheka. Mimi nikajibu jibu ambalo kila Mtanzania analo mfukoni: "Amin alikuwa nduli." Kengele ikagonga, nikakusanya daftari zangu nikaondoka. Lakini njia nzima kurudi nilipopanga nilijua kwamba sikujibu swali. Nilimtukana Amin, basi. Yule kijana hakuuliza Amin alikuwa mtu wa namna gani. Aliuliza igizo lina nini hata mtawala mwenye vifaru alihofie.

Makala hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Nitatumia mifano ya majirani zetu wawili, Uganda na Kenya, kwa sababu ni ya karibu, na kwa sababu wengi wetu tunaosoma Elimu tutakwenda kufundisha tamthiliya bila kujua zilimgharimu nani.

Kwanza tuelewane maneno

Tunaposema udhibiti wa sanaa, wengi hufikiria ofisa aliyekaa na kalamu nyekundu akifuta mistari. Hiyo ni sura moja tu. Mimi naona zipo tatu. Kuna udhibiti wa kabla: huigizi mpaka upate leseni, na leseni huipati mpaka mswada usomwe. Kuna udhibiti wa baada: onesho linafungiwa, ukumbi unapigwa kufuli, msanii anakamatwa, anapotea au anakimbia nchi. Na kuna udhibiti wa ndani: msanii anajikata ulimi mwenyewe kabla hajaguswa na mtu. Huu wa tatu nitaurudia mwishoni, maana una kesi yangu binafsi.

Jambo la pili la kuelewa ni kwa nini jukwaa huumia haraka kuliko kitabu. Kitabu unaweza kukificha chini ya godoro. Unaweza kukiandika hata gerezani, na Ngũgĩ alifanya hivyo alipokuwa Kamiti, akaandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni. Igizo halifichiki hivyo. Linahitaji mahali, siku, saa, watu wa kuigiza na watu wa kutazama, wote pamoja, na wote wanaonekana. Mwigizaji hawezi kuuigizia ukuta. Kwa hiyo serikali yenye hofu haina haja ya kulitafuta igizo liko wapi. Tangazo limeshabandikwa mlangoni.

Kampala: fumbo halina mwenyewe

Aliyeuawa anaitwa Byron Kawadwa. Alikuwa mwandishi na mwongozaji aliyeandika kwa Kiganda, lugha ya watu wa kawaida wa Kampala, katika mji ambao maigizo yenye heshima yalikuwa ya Kiingereza. Kazi yake inayotajwa zaidi ni Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo. Ni igizo la muziki kuhusu mtu asiye wa ukoo wa kifalme anayekinyakua kiti cha enzi.

Sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa habari ya fumbo. Tumekulia kwenye kanga na taarabu. Mtu anaweza kukusema mchana kutwa na usiwe na la kumshitaki. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Waganda walioketi ukumbini walikuwa werevu. Wengi waliliona igizo hili kama habari ya mwaka 1966, pale Milton Obote alipomwondoa Kabaka Mutesa wa Pili na jeshi likaivamia ikulu yake. Na kwa muda, kumsema Obote hakukuwa na hatari, kwa kuwa Januari 25, 1971 Amin mwenyewe alimpindua Obote.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Fumbo halibaki kwa yule lililotungiwa. Mnyakuzi wa kwanza akiondoka, mnyakuzi wa pili akikalia kiti kilekile, igizo lilelile linaanza kumhusu yeye, bila neno hata moja kubadilishwa. Mwandishi hana uwezo wa kulizuia. Hadhira ndiyo inayoamua jogoo ni nani mwaka huu.

Mwanzoni mwa 1977, Uganda ilipeleka igizo hilo Lagos, Nigeria, kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililojulikana kama FESTAC. Tulitafakari hilo kidogo. Serikali ya Amin ilikuwa inalitumia jumba la maigizo kama pambo la kuonesha wageni. Kawadwa alikwenda kama fahari ya taifa. Aliporudi, alichukuliwa kwenye jumba lake la kazi na vyombo vya usalama vya Amin, na hakurudi akiwa hai. Ndiyo miezi ileile ambayo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, Februari 1977. Askofu alikuwa na madhabahu, Kawadwa alikuwa na jukwaa. Kila mmoja aliweza kukusanya watu wakamsikiliza.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa yule kijana wa nyuma: alikuwa anaigiza, ndiyo, lakini mbele ya watu waliokuwa wanaelewa pamoja. Mtu mmoja akielewa fumbo peke yake nyumbani, hiyo ni siri. Watu mia tano wakicheka kwa pamoja, kila mmoja anajua kuwa mwenzake naye ameelewa. Kicheko hicho ndicho kilichomtisha mtawala.

Serumaga: maneno yakikatazwa, mwili unabaki

Kampala hiyohiyo kulikuwa na Robert Serumaga. Huyu alisomea uchumi Dublin, akaandika riwaya na tamthiliya kwa Kiingereza, halafu akaunda kundi lake la waigizaji lililokuja kujulikana kama Abafumi. Kazi zake mbili ndizo zinazonihusu hapa.

Ya kwanza ni Renga Moi ya mwaka 1972, iliyotokana na hadithi ya Waacholi. Shujaa amepata watoto mapacha. Mila inamtaka atimize matambiko ya mapacha, na katika kipindi hicho asimwage damu. Wakati huohuo adui anakivamia kijiji, na yeye ndiye kiongozi wa vita. Afanye lipi? Nchi iliyokuwa inaona watu wake wakipotea kila wiki haikuhitaji maelezo kwamba swali hilo si la zamani.

Ya pili ni Amayirikiti ya 1974. Humo Serumaga aliondoa mazungumzo karibu yote. Akabakiza miili, ngoma, sauti na kimya. Watu wanakimbia, wanaanguka, wanalia, wanabeba wafu. Sasa mwambie ofisa wa udhibiti alete mswada aukague. Atakagua nini? Hakuna sentensi ya kufuta. Kila aliyekaa ukumbini ana maiti wake anayemjua, na anamwona pale jukwaani. Kundi lake lilizunguka nchi za nje, Ulaya na Marekani, chini ya pua ya utawala uliokuwa unapenda kuonekana unakuza utamaduni.

Lakini mbinu hii ina bei yake, na tusiifiche. Asiyetaka kuelewa anaweza kusema ameona ngoma nzuri tu. Mtawala naye anaweza kupiga makofi. Fumbo likiwa zito mno linamlinda msanii, na linamlinda pia anayesemwa.

Serumaga mwenyewe nadhani alifika mahali akaona hivyo. Mwaka 1977 alikimbilia Kenya. Amin alipoivamia Kagera, Oktoba 1978, na jeshi letu likajibu, Waganda waliokuwa ukimbizini walikutana Moshi, Machi 1979, kupanga nchi itaongozwaje baada ya Amin. Serumaga alikuwa miongoni mwao. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, naye akawa waziri wa biashara katika serikali fupi ya Yusuf Lule, iliyodumu siku 68 tu. Mwaka 1980 alifariki Nairobi, akiwa bado hajatimiza miaka 42.

Wapo wanaosema aliisaliti sanaa kwa kuingia kwenye siasa na vita. Mimi sioni usaliti. Ila naona hasara, maana baada ya 1977 hakuna igizo jingine kubwa la Serumaga tunaloweza kulisoma darasani. Vita vilimtoa jukwaani, na hakupata muda wa kurudi.

Kamirithu: kitabu kilizinduliwa na waziri, igizo likafungiwa na mkuu wa wilaya

Twende Kenya. Hapa kuna jaribio ambalo kama lingefanywa maabara lisingekuwa safi zaidi.

Julai 1977 Ngũgĩ alitoa riwaya yake Petals of Blood. Ni riwaya kali. Inawasema waziwazi matajiri na viongozi waliokula matunda ya uhuru peke yao. Ilizinduliwa Nairobi, na aliyeizindua alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha. Hakuna aliyekamatwa.

Miezi michache baadaye, Oktoba 2, 1977, igizo la Ngaahika Ndeenda lilifunguliwa katika kijiji cha Kamirithu, Limuru. Kwa Kiswahili tunalijua kama Nitaolewa Nikipenda. Liliandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Linamhusu Kiguunda, kibarua mwenye kipande kidogo cha shamba, na Kioi, tajiri mcha Mungu anayekimezea mate kipande hicho. Kiguunda anashawishiwa afunge ndoa ya kanisani, anakopa benki kwa ajili ya sherehe, anashindwa kulipa, shamba linauzwa. Ujumbe wake hauzidi ukali wa riwaya. Hata hivyo, Novemba 16, wiki sita tu baadaye, mkuu wa wilaya ya Kiambu aliifuta leseni. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi mpaka Desemba 1978.

Mwandishi mmoja, mwaka mmoja, hoja zilezile. Kilichobadilika ni nini?

Kwanza, lugha. Riwaya ilikuwa kwa Kiingereza, igizo kwa Kikuyu. Pili, walioliigiza. Hawakuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda, wengine wakiwa wamejifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima ya kituo hichohicho. Waliusahihisha mswada wenyewe: mzee hazungumzi hivi, wimbo huu hauimbwi namna hii, mshahara wa kibarua si huo. Tatu, mahali. Walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wenye nafasi ya watu kama 2,000. Mazoezi yalikuwa hadharani, kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza kijiji kizima kilishalijua igizo.

Na kijiji chenyewe kilikuwa na historia. Kamirithu kilikuwa moja ya vijiji vya hali ya hatari, ambavyo Waingereza waliwasukuma watu humo miaka ya 1950 wakati wa vita vya Mau Mau ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Yaani mahali palipojengwa ili watu wachungwe, watu walipageuza wakajenga jukwaa. Kama unataka kujua kwa nini ofisa wa wilaya alikosa usingizi, anza hapo.

Miaka minne baadaye wakajaribu tena, kwa igizo la nyimbo lililoitwa Maitũ Njugĩra, Mama Niimbie. Safari hii hawakusubiri lianze. Mwanzoni mwa 1982 kundi lilifika Jumba la Taifa la Maigizo Nairobi likakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na "mazoezi", na watu wakawa wanafurika kila jioni kutazama mazoezi hayo. Machi 1982 polisi walikwenda Kamirithu wakaubomoa ukumbi. Fikiria hilo: walilopewa kazi ya kubomoa ni mbao na nguzo. Maana mswada ulishaandikwa, nyimbo zilishaingia vichwani, kilichobaki cha kuvunja ni mahali pa kukutania.

Ukimbizini: msanii anabeba nini?

Juni 1982 Ngũgĩ alikuwa London. Akapata habari kuwa akirudi atakamatwa. Hakurudi kukanyaga Kenya mpaka 2004, na alifariki Marekani Mei 2025. Mĩcere Gĩthae Mũgo, aliyeandika naye The Trial of Dedan Kimathi, aliondoka mwaka huohuo wa 1982, akanyang'anywa uraia wa Kenya, Zimbabwe ikampa wake, naye akafariki Marekani mwaka 2023. Hawa ni walimu wa vyuo vikuu, wenzetu. Tunapoyataja majina yao kwenye semina kama "waandishi wa mrengo wa kushoto" tunasahau kwamba waliwazika jamaa zao kwa simu.

Mwandishi wa vitabu akihama, anahama na kalamu. Msanii wa jukwaa akihama, anaiacha hadhira, na hadhira ndiyo nusu ya kazi yake. Mzaha unaopasua ukumbi Limuru hauchekeshi mtu London. Kwa hiyo ukimbizi kwa watu wa jukwaa ni udhibiti ambao serikali inaupata bure: haikuua, haikufunga, lakini ukumbi umenyamaza.

Hata hivyo, wapo waliokataa kunyamaza, na nawapenda wawili.

Mmoja ni John Ruganda, Mganda aliyeikimbia nchi ya Amin akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko aliongoza kundi la maigizo la kusafiri la wanafunzi. Wanafunzi, nasema: vijana wa umri wetu, wakizunguka nchi na kuigizia watu bure. Na huko ndiko alikotoa The Floods, iliyochapishwa 1980, kuhusu Uganda aliyoiacha. Ndani yake wamo Bwogo, bwana mkubwa wa usalama, Nankya, msomi aliye karibu naye kupita kiasi, na Kyeyune, mvuvi mzee ambaye ziwa limemwonesha mambo. Jambo lisiloweza kusemwa Kampala likasemwa Nairobi kwa majina yake. Lakini ajabu ni kwamba hukohuko Nairobi, mji uliompa Mganda nafasi ya kumsema Amin, Mkenya alikuwa anafungwa kwa kuisema Kenya. Mara nyingi uhuru wa mkimbizi ni huo: uhuru wa kusema ya kwao.

Wa pili ni Ngũgĩ wa Mirii. Yeye alikwenda Zimbabwe, nchi iliyokuwa imetoka vitani, na hakukaa akililia Kamirithu. Aliwafundisha watu wa Zimbabwe namna Kamirithu ilivyofanya kazi: kaeni kijijini, andikeni pamoja, igizeni wenyewe. Makundi mengi ya maigizo ya jamii yakachipuka huko kwa msaada wake, na huko ndiko alikofariki mwaka 2008. Waliobomoa ukumbi Limuru hawakujua kuwa wanausafirisha.

Na sisi je?

Sitaki kujilinganisha na Kawadwa. Itakuwa ni utovu wa adabu. Lakini nilisema nina kesi yangu.

Nikiwa mwaka wa kwanza, kikundi chetu cha maigizo kiliandaa igizo fupi kuhusu bumu kuchelewa. Kulikuwa na mhusika tuliyempenda sote: karani wa dirishani anayesema "rudi kesho" kwa sauti kumi tofauti, mpaka mwanafunzi anayemsubiri anaota mvi. Siku mbili kabla ya onesho tukasikia kuwa kutakuwa na wageni waalikwa. Hakuna aliyetuita. Hakuna aliyeomba mswada. Mimi nilikuwa katibu, mswada ulikuwa kwangu, na mimi ndiye niliyemfuta yule karani. Nikawaambia wenzangu, "Tusitafute makuu." Wakakubali haraka mno, nadhani kila mmoja alikuwa anasubiri mtu mwingine aseme.

Onesho lilikwenda vizuri. Tulipigiwa makofi, tukala pilau. Wakati tunakunja viti, jamaa mmoja aliyekuwa anakuja kutazama mazoezi akaniuliza, "Mbona yule wa dirishani hakuja leo? Anaumwa?" Sikuwa na jibu. Siku ile sikujua kuwa ndio udhibiti wa ndani. Leo ninajua, kwa sababu nimesoma habari za watu walioogopa kitu cha kweli na bado wakapanda jukwaani. Mimi niliogopa kiti cha mbele ambacho hata sikujua atakikalia nani.

Basi, kama ningerudi kwenye lile darasa la Kidato cha Tatu, ningemwambia yule kijana hivi: Mdogo wangu, uliuliza alifanya nini. Alikusanya watu mahali pamoja, kwa lugha yao, wakaona kwa macho jambo ambalo kila mmoja alidhani analijua peke yake. Hilo ndilo wanaloliita kuigiza tu. Kisha ningelipa darasa dakika kumi waigize kipande cha The Black Hermit, badala ya kuwasomea mimi huku wakisinzia.

Maswali ya kujadili kwenye semina au kwenye vimbweta

1. Petals of Blood ilizinduliwa na waziri, Ngaahika Ndeenda ikafungiwa. Kati ya lugha, waigizaji na mahali, kipi unadhani kilikuwa na uzito zaidi? Toa sababu.

2. Linganisha njia ya Kawadwa ya kutumia fumbo na ile ya Serumaga ya kuondoa maneno. Ipi inamlinda msanii zaidi, na ipi inamfikia mtazamaji zaidi?

3. Je, msanii anayekimbia nchi ameshindwa? Jibu kwa kutumia maisha ya Ruganda na Ngũgĩ wa Mirii.

4. Taja jambo moja ambalo wewe au kikundi chako mliliacha kulisema bila kukatazwa na mtu. Hili si lazima ulijibu kwa sauti.